Mtungi unaotoa jasho

Tukuyu

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua isiyojua kupumzika. Barua yako nimeipata. Nilicheka niliposoma kwamba wanafunzi wako wa Iringa walikuuliza tofauti ya maneno ya Kiingereza “leak” na “seep”, ukawajibu “zote ni kuvuja” na kufuta ubao haraka haraka.

Hukukosea sana. Ila ukumbuke ule mtungi wa udongo wa Ikombe ulioununua Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Ulipoujaza maji ukaona umelowa nje, ukataka kumrudishia yule mama aliyekuuzia. Akakwambia, “Hauvuji huo, unatoa jasho.” Basi jasho hilo ndilo “seep”. Hakuna tundu wala ufa. Maji yanapita kwenye udongo wenyewe, kidogo kidogo, yakifika nje yanakaushwa na upepo, na ndiyo maana maji ya ndani yanabaki baridi. Siku mtungi ukipata ufa, maji yakadondoka sakafuni, hapo sema “leak”.

Ukinibana nitoe neno moja la Kiswahili kwa “seep”, nitasema kujipenyeza. Kuchuruzika hapana, hilo lina mbio. Na kitu kizito, kama utomvu wa misonobari ya Sao Hill huko kwenu, Waingereza wana neno lake, “ooze”.

Kwenye sarufi, “leak” ni kama kwetu: mtungi unavuja, maji yanavuja. Kwa “seep”, kwa kawaida anayetenda ni maji: “Water seeps through the pot.” Waambie pia wavute ile sauti ya i ndani ya “seep”. Wakiikata wanapata “sip”, yaani kupiga funda dogo, na hapo mtungi utakuwa unakunywa!

Hata habari ni hivyo hivyo. Mtihani ukivuja ni “leak”, maana mara nyingi kuna mkono wa mtu. Lakini ile habari inayozagaa taratibu mtaani, kila mtu anaijua na hakuna aliyeisema, hiyo ime-“seep out”.

Mimi neno hili ninalala nalo. Ukuta wa chumba changu unalowa tangu Machi, na mwenye nyumba anasema ni umande tu. Juzi nikamweleza yote haya, na mtungi nikamwonyesha. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kodi ya mwezi huu naleta lini.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi rafiki yako