Kesho Alhamisi: siku huru Bangkok

Habari za jioni ndugu zangu,

Kesho hakuna basi wala ratiba, kila mtu na hiari yake. Anayetaka kulala hadi adhuhuri, ruksa. Siku hizi tatu tumekimbizana mno.

Kwa watakaotoka:

1. Hekalu la Wat Pho hufunguliwa saa 2 asubuhi. Wahini kabla ya jua kali. Sanamu ya Buddha aliyelala ina urefu wa mita 46. Msiishie usoni, nendeni hadi kwenye nyayo, zimenakshiwa kwa magamba ya chaza. Upande wa mgongoni kuna bakuli 108 za shaba ambazo watu hutumbukiza sarafu moja moja. Simameni kidogo msikilize mlio wake.

2. Mabega na magoti yafunikwe. Kina mama, bebeni kanga.

3. Kutoka gati la Tha Tien, kivuko huvusha watu hadi hekalu la Wat Arun kwa dakika chache tu.

4. Mtu akiwaambia njiani, "Hekalu limefungwa, panda tuktuk (bajaji) yangu," mshukuruni na mwende mpaka dirisha la tiketi. Ni mtego wa zamani.

Wazee wetu wenye magoti yanayouma, nitabaki nao na tutapanda boti pamoja, polepole.

Saa 1 usiku tukutane mapokezi twende kula, baht 400 kila mtu, nipeni mkononi.

Tafadhali jibuni hapa kabla ya saa 4 usiku leo: jina, unatoka au unapumzika, na chakula utakuwepo?