Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka huu mnazijua. Mafunzo ya Jinja na Mbale yalifanyika, ya Arua yakaahirishwa, na wanachama wapya 9 wamepokelewa. Mapato yalikuwa shilingi milioni 21, matumizi milioni 17 na ushei. Mchanganuo atausoma mweka hazina. Najua wengi mmekuja kwa jambo moja tu: uamuzi wangu wa mwezi wa Machi wa kukataa kununua hifadhi mpya ya data ya seva zetu, zile tunazozitumia kwa pamoja, na badala yake kuagiza zitafutwe faili zisizotumika. Maneno mengi yamesemwa, mengine nyuma ya mgongo wangu. Leo tuyaweke mezani.

Hifadhi yetu ya terabaiti 20 ilikuwa imebakiwa na asilimia 6. Anayeendesha vSphere, programu inayogawa seva moja kuwa mashine pepe nyingi, anajua hatari yake: snapshoti, yaani kumbukumbu za hali ya mashine kwa wakati fulani, zinakua kila data inapoandikwa, na hifadhi ikijaa, mashine pepe inayohitaji nafasi inasimama palepale na kazi ya mteja inasimama nayo. Kamati ndogo ikaniletea kotesheni ya shilingi milioni 38. Fedha hizo hatukuwa nazo. Na hata tungekuwa nazo ningeuliza swali lilelile nililouliza siku ile: mashine zote zilizoandikishwa kwenye vCenter, yaani programu ya kuzisimamia zote pamoja, zilikuwa zinatumia terabaiti 13 tu, je, hizo nyingine karibu 6 ni za nani? Hakuna aliyenijibu.

Chanzo ni sisi wenyewe. Mtu akimaliza kazi na mashine anaiondoa kwenye orodha, haifuti kwenye diski. Inatoweka machoni, lakini faili zake zinabaki zimekaa kwenye hifadhi miaka nenda rudi. Mwingine anachomoa diski kwenye mashine na kuiacha hapo. Programu ya bakapu nayo ikikatika njiani huacha mabaki yake.

Tulianza na RVTools, programu ya kukagua vSphere, kwenye ukurasa wake wa vHealth, ambao hulinganisha faili zilizomo na mashine zilizoandikishwa. Ilitupa zaidi ya faili 140 zilizoonekana hazina mwenyewe. Hapo kelele zikaanza: wapo waliotaka zifutwe usiku uleule, na nilipokataa nikaitwa mwoga.

Ndugu zangu, orodha ile ni ya washukiwa. Haijahukumu mtu. Hifadhi yetu inatumiwa pia na vCenter ya pili, ile ya maabara ya mafunzo, na kila mashine ya huko huonekana yatima ukiitazama kutoka upande huu. Diski za Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, nazo zinaweza kukaa bila kufungwa kwenye mashine yoyote, na bado zina data hai. Chukueni mfano mmoja. Katika folda ya mwaka 2021 kulikuwa na diski ya gigabaiti 80 ambayo kila mtu aliita takataka. Nikaagiza zifunguliwe zile faili ndogo za vmdk, yaani za maelezo ya diski, za mashine za maabara, ambazo ni maandishi matupu ya mistari michache. Kwenye mstari wa parentFileNameHint, unaotaja diski ambayo mashine inaitegemea, mashine saba zilikuwa zinaelekeza kwenye diski hiyohiyo. Ndiyo mama yao. Na kwa kuwa usiku ule zote saba zilikuwa zimezimwa, hakuna kufuli, ile ambayo mashine inayowaka huziwekea faili zake, ambayo ingezuia isifutwe. Tungeamka asubuhi bila maabara. Waliokuwa wananiharakisha wako humu ukumbini na wanajikumbuka.

Kwa hiyo niliamua tuhakiki faili moja moja, zinazothibitika zihamishiwe folda ya karantini kwa siku 60, wenyewe watangaziwe, kisha ndipo zifutwe. Zimerudi terabaiti 4 na nusu. Leo zaidi ya robo ya hifadhi iko wazi, na zile milioni 38 hatukuzikopa popote.

Kuna pia la sheria, ambalo wanaonilaumu hawaligusi. Baadhi ya diski zile zilikuwa na majina na simu za wateja wa kazi zilizokwisha zamani. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 hairuhusu kukaa na taarifa za mtu kupita muda unaohitajika. Mimi ndiye ningeitwa kujieleza, si waliozisahau.

Wanachama wawili wanalalamika kwamba mashine zao zimefutwa. Tangazo lilitoka mara tatu. Na kuhusu haki ya kufuta na kuunda mashine, ambayo sasa iko kwa wasimamizi wawili tu, sikujirundikia madaraka kama inavyodaiwa. Mimi mwenyewe si mmoja wa hao wawili.

Linaloniumiza zaidi ni mahudhurio. Tuko wanachama 86. Mkutano wa Juni, ambao jambo hili hili ndilo lilikuwa ajenda, walikuja 12, akidi ikakosekana, ikabidi niamue na kamati. Ada ya mwaka wamelipa 33. Wengi wa wasiolipa mashine zao ziko kwenye seva zetu usiku na mchana, zinakula umeme unaolipwa na wenzao. Nimepiga simu, nimeandika, nimewafuata wengine hadi ofisini kwao hapa Kampala. Hili linanisikitisha sana, na sioni sababu ya kulificha.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufika Arua, kuufanya ukaguzi wa hifadhi kuwa wa mara kwa mara, na kupata ukumbi ulio karibu zaidi na wengi. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Wenye madeni wamwone kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti