Kabla ya Kuagiza Kioo, Pima Kona kwa Kona

Upana na urefu peke yake havitoshi kukatia kioo cha dirisha. Mteja anatuandikia "sm 120 kwa 120", na kweli kila upande wa fremu una sm 120. Kioo kikifika, kona mbili zinagoma kuingia, mbili zinaacha mwanya. Fremu ile si mraba, ni rombo: pande zote nne zinalingana, kila upande uko sambamba na wa mkabala wake, ila pembe zimelala. Kwa kawaida hulala wakati wa kuchomelea, au ikibebwa bila ubao wa kuishikilia.

Dawa ni kupima ulalo, yaani kona kwa kona, mara mbili. Mraba wa sm 120 hutoa sm 169.7 kotekote. Ukipata 172 na 167.4, imelala. Kama haijajengewa, ivute kwa ule ulalo mfupi hadi vipimo vilingane. Ikishapigwa plasta, usihangaike nayo. Tutakata kioo kiifuate.

Milango ni hivyohivyo. Fremu ya sm 90 kwa 210 iliyoinama sm 2 tu juu imeshakuwa msambamba, yaani pande za mkabala bado ni sambamba ila pembe zimelala: ulalo mmoja sm 229.3, mwingine 227.7. Kwa macho huioni.

Ila msiuamini ulalo peke yake! Tundu lenye sm 89 juu na 91 chini, lililopungua sawasawa kushoto na kulia, lina ulalo sawa pande zote mbili, na bado si mstatili. Ni trapeza, yaani pande mbili tu ndizo sambamba. Kwa hiyo pima pia upana juu, katikati na chini, kisha urefu wa kila ubavu.

Kwa tundu lisilo la mstatili tunaomba kipande cha boksi, yaani karatasi ngumu, kilichokatwa kwa umbo lake kiwe kielelezo, na hapa ndipo ulinganifu unapoleta hasara au kuiokoa. Kioo cha mstatili kinaingia hata ukikigeuza mbele nyuma au juu chini. Trapeza ile ya mabavu sawa ina mhimili mmoja tu wa ulinganifu (mstari unaoigawa nusu mbili zinazolingana ukiikunja hapo), wa wima: ukiigeuza mbele nyuma inaingia, ukiipindua juu chini haiingii. Msambamba ule wa mlango hauna mhimili hata mmoja. Ukiuzungusha nusu duara unakaa, ukiugeuza mgongo unagoma.

Kibaya zaidi ni dirisha la chini ya paa la mteremko. Mabavu yake mawili ya wima ni sambamba, moja refu, moja fupi, na juu limekatwa mshazari. Halina ulinganifu wowote. Kioo cheupe kikikatwa kinyume utakigeuza tu mgongo, yaishe. Kioo cha maua cha bafuni, chenye uso laini upande mmoja na mikwaruzo upande wa pili, ukikigeuza kitaingia lakini uso utakaa kusiko. Kilichopitishwa tanuruni kiwe kigumu hakikatwi tena. Ukijaribu kinasambaratika chote.

Basi andika NJE kwenye boksi, chora mshale wa juu, na usipunguze chochote: mm 2 za nafasi kila upande tunazitoa wenyewe. Picha ya simu haichukui nafasi ya boksi. Ikipigwa kutoka chini, hata mstatili safi huonekana trapeza.