Ile meli ya Liwatoni

Mtongwe, Mombasa

Ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto huko Maskati. Sisi wazima, ila kusi inavuma kwelikweli na wavuvi wengi wamekaa barazani wakicheza bao.

Uliniuliza hiyo meli ya Walinzi wa Pwani ina nini hasa hata watu waisifu. Nimeona heri niandike, maana kwa simu hunipi nafasi ya kumaliza neno.

Jina kwanza: meli ya doria, ikaitwa Doria. Ni sawa na kuzaa mtoto ukamwita Mtoto! Ilijengwa Bangladesh, urefu wake mita 54. Novemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alikuja hapa Mombasa, Liwatoni, kuzindua kikosi chenyewe.

Watu wakisikia meli ya doria huwaza mizinga. Mimi nawaza vitanda na jiko. Maili 12 za kwanza kutoka pwani (maili za baharini) ni bahari ya nchi, halafu mpaka maili 200 ni ukanda wa kiuchumi: kupita kila mtu ruhusa, samaki ni wa mwenye pwani. Maili 200 ni kama kilomita 370, Bakari. Boti ndogo ikifika huko, hesabu ya mafuta ya kurudi ishaanza na vijana wanatapika. Meli ya namna hii inakwenda ikakaa, siku baada ya siku, ikimngoja mwizi wa jodari achoke yeye.

Rada nayo ina mwisho wake. Ikiwa mita 16 juu ya maji, upeo wake ni kama maili 9 tu. Chombo kirefu kwenda juu utakipata mbali zaidi, lakini mashua ya mbao iliyolala chini hata karibu yaweza kukuponyoka. Meli kubwa hutangaza jina lake na mahali ilipo kwa chombo maalumu, na anayeiba hukizima. Kwa hiyo nukta iliyo kwenye rada na haina jina, hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Ukishaifikia, meli ya doria hujitenga kidogo na kushusha boti ya mpira. Hapo mimi nina la kusema, unakumbuka nilivyofanya kazi kwenye boti ya kupeleka marubani, wale wanaoongoza meli kuingia bandarini. Ngazi ya kamba inagonga ubavu wa meli, boti inapanda na kushuka, nawe unangoja wimbi likufikishe juu kabisa ndipo ushike. Ukishika boti ikiwa chini, itapanda tena ikubane mguu. Sasa fikiria kufanya hivyo na bunduki mgongoni, na huko juu hujui nani anakungoja.

Mwizi akikimbia je? Sheria ya bahari inakuruhusu kumfukuza mpaka nje ya ukanda wako, mradi mbio zilianzia ndani na hazikukatika. Akiingia bahari ya nchi yake, au ya nchi ya tatu, basi, unageuza. Na ukimkamata kwa uvuvi huko nje ya maili 12, humfungi jela ila nchi zenu ziwe zimekubaliana. Ni faini, na akiweka dhamana meli yake inaachiliwa. Nilipowaeleza haya barazani, mzee mmoja aliinua kete akasahau aiweke wapi.

Ninalolalamikia ni uchache wa meli. Meli lazima irudi kuchukua mafuta, ipumzishe watu, ipandishwe chelezoni. Siku hizo nani yuko huko nje? Ningepewa mimi pesa za kuongeza vyombo, ningeanza na ndege ya kuangalia kabla ya meli nyingine, ili hii iliyopo isizurure ikitafuta.

Huko kwenu walinzi wa pwani wako chini ya polisi, sivyo? Muulize yule shemeji yako meli zao hukaa siku ngapi nje bila kurudi. Nijibu kwa maandishi. Ukija Desemba kaskazi ikianza, tutapita Liwatoni tukaitazame, kama haijatoka.

Na halua usisahau.

Ndugu yako,
Mwinyi