Tulivyopewa bure vina gharama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nijibu swali ambalo sisi tunaoendesha duka lisilo la faida la vifaa vya ujenzi vilivyotumika huulizwa karibu kila siku, tena wakati mwingine kwa ukali: ikiwa mlango huu mmepewa bure, mbona mnauuza?

Mlango hauji dukani wenyewe. Kuna gari la kuufuata, watu wa kuubeba, mahali pakavu pa kuuegemeza, na mtu wa kuupima upana na kimo na kuviandika wazi, maana mteja asiyeona vipimo huondoka. Ukiletwa pamoja na miimo na bawaba zake huenda ukanunuliwa wiki hiyo hiyo. Ukiletwa peke yake utasimama ukutani miezi kadhaa, na ukuta huo tunaulipia pango. Mbao ndizo zenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu msumari mmoja uliosahaulika ndani unaweza kuharibu msumeno wa fundi na kumjeruhi, kwa hiyo kila ubao hung'olewa misumari, kisha hupitishwa kwenye kifaa cha kugundua chuma kabla ya kuwekewa bei. Bei hiyo, ambayo huwa chini sana ya ile ya kitu kipya, ndiyo inayolipia kazi yote niliyoitaja, na kinachobaki huenda kwenye huduma za jamii ambazo duka lilianzishwa kuzigharimia. Hakuna mwenye hisa anayegawana salio, lakini gharama zipo palepale.

Inayoniuma zaidi ni gharama ya vitu visivyouzika. Wapo wanaotuletea, na nakiri kwamba wengi wana nia njema, masinki yenye ufa, makopo ya rangi iliyoganda, na vyoo vya zamani vinavyotumia lita 13 au zaidi kila vinapovutwa, wakati vya siku hizi hutosheka na lita 6. Mara moja tuliletewa hata mabamba ya paa ya asbesto yaliyofunikwa turubai, ilhali nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi husababisha saratani na kuyaondoa ni kazi ya wataalamu. Chochote tunachokipokea bila kukikagua, tunalipa tena kukipeleka jalalani. Ndiyo maana mfanyakazi ninayemtegemea kuliko wote ni yule anayesimama kwenye mlango wa nyuma na kukataa kwa adabu. Niliwahi kushika zamu yake siku moja, nikapokea kila kitu.

Kwa makandarasi na wenye nyumba nina ombi moja, kwamba mtuite kabla jengo halijabomolewa. Likishaangushwa kwa buldoza kinachobaki ni kifusi, na hakuna anayenunua nusu ya dirisha. Likifumuliwa kwa mpangilio, tukianza na vitasa, milango na madirisha, kisha tukaezua paa na kushusha kenchi, ndipo tukafikia kuta, sehemu kubwa hutoka ikiwa nzima, ingawa sikatai kwamba kazi huchukua siku nyingi na mikono mingi. Hata matofali yana siri yake: yaliyojengwa kwa chokaa husafishika kwa nyundo ndogo, lakini yaliyoshikwa na saruji ngumu mara nyingi hupasuka kabla saruji haijaachia. Jiji la Portland nchini Marekani lililifanya jambo hili kuwa sheria, na tangu mwaka 2016 nyumba zilizojengwa mwaka 1916 au kabla ya hapo, zinapoondolewa, sharti zifumuliwe badala ya kuangushwa kwa mashine. Mwaka 2020 sharti hilo lilipanuliwa hadi nyumba za mwaka 1940.

Sisi hatuhitaji kusubiri sheria ya namna hiyo. Taarifa ya wiki mbili kabla ya kazi kuanza inatosha kutuwezesha kufika, kukagua, kukubaliana na mwenye nyumba ni vitu gani vitoke, na kuleta mitarimbo yetu.

Wako,
Msimamizi wa duka la vifaa vya ujenzi vilivyotumika