Katuni si za watoto peke yao, na filamu fupi si zoezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie sanaa ambayo kurasa za burudani za magazeti yetu huipita bila kuitupia jicho, nayo ni filamu fupi pamoja na katuni. Majumbani mwetu katuni huwashwa ili watoto watulie wakati chakula kikipikwa, na filamu fupi tunaidhania kuwa zoezi la kijana ambaye bado hajapata fedha za kutengeneza filamu ndefu. Sina ugomvi na katuni za watoto. Zile za Ubongo Kids, ambazo tangu mwaka 2014 zimekuwa zikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kutoka Dar es Salaam, ni kazi ya kusifiwa. Ninalolalamikia ni sisi watu wazima kujitoa katika hesabu ya watazamaji.

Mfano ulionivutia kuliko yote unatoka mbali. Mwaka 1975, katika studio ya Soyuzmultfilm mjini Moscow, Yuri Norstein alitengeneza filamu ya dakika kama kumi juu ya kalunguyeye mdogo ambaye kila jioni huenda kwa rafiki yake, mtoto wa dubu, wakanywe chai na kuhesabu nyota. Safari hii anamwona farasi mweupe amesimama ndani ya ukungu, anajiuliza kama farasi yule akilala atazama humo, na anapoteremka kwenda kujionea mwenyewe anapotea. Mbwa anamrudishia kifurushi alichokiangusha, kisha kalunguyeye anatumbukia mtoni, na kiumbe asiyemjua anambeba mgongoni hadi ukingoni. Kisa chenyewe ni hicho tu, wala hakuna adui wa kupigana naye. Hata hivyo, mtu aliyewahi kumpoteza mpenzi wake au kuhamia mji asioujua ataielewa hofu ya kalunguyeye yule, na mshangao wake pia, kwa undani ambao mtoto hawezi kuufikia.

Uzuri wa filamu hiyo umo katika mikono iliyoitengeneza. Wahusika walikatwa vipande vipande na kupangwa juu ya tabaka za vioo. Ukungu nao ulikuwa karatasi nyembamba mno iliyowekwa juu ya mandhari na kuinuliwa kidogo kidogo kuelekea kamera, picha moja baada ya nyingine, hadi kila kilichokuwa chini yake kikafifia na kupotea. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, kwa hiyo dakika kumi ni picha zaidi ya 14,000, na hata pale msanii anapouacha mkao mmoja udumu kwa picha mbili, kama ilivyo desturi ya wachoraji wengi, kazi inayobaki ni ya kumchosha mtu yeyote. Ndiyo maana katika katuni nzuri hakuna kitu kilichoingia kwa bahati, kwa sababu hata jani linalodondoka lipo pale kwa kuwa mtu aliamua lidondoke.

Filamu fupi ya waigizaji ina mvuto wa namna nyingine, unaotokana na uhaba wa muda. Mtunzi wake yuko kama bibi anayesimulia hadithi huku wajukuu wakisinzia: hana nafasi ya kueleza ukoo wa fisi wala sababu ya njaa yake. Wanuri Kahiu wa Kenya alilionyesha hilo katika Pumzi ya mwaka 2009, ambayo kwa dakika 21 inatupeleka Afrika Mashariki ya baada ya vita vya maji, mahali ambapo watu wamejifungia ndani na hata jasho na mkojo husafishwa ili vinyweke tena. Mwanamke aitwaye Asha anapata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, kisha anatoroka kwenda kuitafutia mahali pa kukua. Maneno yanayotamkwa ni machache mno, na ukame tunausoma katika midomo na ngozi. Naamini kisa hicho kikivutwa hadi saa mbili kitahitaji kuongezewa mapenzi na risasi, na nguvu yake yote itapotea.

Watu Wote ya mwaka 2017 ilikuwa kazi ya wanafunzi wa filamu wa Hamburg, na wahusika wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Inatokana na shambulio la basi karibu na Mandera mnamo Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu waliwakinga wenzao Wakristo. Ina dakika 22 tu, na mwaka 2018 iliwania tuzo ya Oscar. Uganda nako Raymond Malinga ametengeneza katuni fupi juu ya Kalabanda, zimwi linalowatisha wanafunzi wa shule za huko.

Najua jibu la wenye vituo vya televisheni: filamu fupi haina soko, na matangazo ya biashara hayajui yakae wapi. Ni hoja ya kweli kwa mfanyabiashara, lakini haimhusu mhariri wa sanaa, kwa maana gazeti haliuzi muda wa hewani. Ombi langu kwenu ni dogo. Kila mwaka Tamasha la Filamu la Zanzibar linapofika, nasi tukasomeshwa nani alivaa nini Ngome Kongwe, mtumeni mwandishi mmoja akae katika maonyesho ya filamu fupi na katuni tangu mwanzo hadi mwisho, kisha atuandikie ipi ni nzuri, ipi imeshindwa, na kwa nini.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Tanga