Barua ya Malalamiko: Vioo vya Ndani Vilivyofungwa Kinyume cha Mapatano

Nakuru,
21 Julai 2025.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana/Bi Meneja,

MINTARAFU: VIOO VYA PILI KATIKA MADIRISHA MATATU YA NYUMBA YANGU

Ninaandika kulalamikia kazi ambayo mafundi wenu walifanya nyumbani kwangu mwezi wa Mei, walipofunga fremu za alumini zenye vioo upande wa ndani wa madirisha yangu ya chuma, mawili ya chumba cha kulala na moja la sebule. Nimepiga simu mara nne na fundi wenu amekuja mara mbili. Kwa kuwa ziara ya pili iliharibu zaidi ya ile ya kwanza, nimeona heri niyaweke haya kwa maandishi.

Sababu ya kutafuta huduma yenu mnaijua, maana ndiyo niliyomweleza mhudumu wenu wa mauzo kabla ya jambo lingine lolote. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, na nyumba yangu iko karibu na barabara kuu ya A104, mahali ambapo malori hupunguza mwendo na kubadilisha gia mchana kutwa. Nilihitaji usingizi. Mhudumu alinieleza kazi hiyo kwa ufasaha, na kwa haki nakiri kwamba alisema kweli: kwamba dirisha la zamani halitaguswa, kwamba kioo cha pili kitakaa milimita 100 au zaidi kutoka kile cha nje, kwa sababu vioo vikikaribiana hewa iliyo kati yake hupitisha mtikisiko kama springi, kwamba kioo hicho kitakuwa cha laminati, cha milimita 6.4, ilhali cha nje ni cha milimita 4, ili viwili hivyo visitikisike kwa mlio mmoja. Na kwamba kingo zote zitafungwa kwa mpira unaobana. Hayo yote yamo katika makadirio tuliyotia sahihi, na kwa hayo nililipa shilingi 118,000, nusu kabla ya kazi na nusu jioni ile ile mafundi walipoondoka, kosa ambalo sitalirudia.

Nilipopima kwa futi kamba nilipata milimita 38 kutoka kioo hadi kioo. Fundi alijitetea kwamba grili ilimzuia, lakini grili hiyo ilikuwepo siku aliyokuja kuchukua vipimo, na ukuta wangu ni wa mawe, mnene, wenye ukingo wa milimita 150 upande wa ndani wa dirisha. Ilitosha fremu isogezwe upande wa chumba, na grili isingeguswa. Badala yake waliikaza fremu kwa skrubu kwenye nondo za grili yenyewe, chuma kwa alumini, bila hata kipande cha mpira kati yake. Sasa lori likipita naisikia fremu ikinguruma pamoja na grili, mlio ambao kabla ya Mei haukuwemo chumbani mwangu. Kipande cha kuteleza nacho hugonga kichwa cha skrubu na kukwama kikiwa kimefunguka upana wa vidole vitatu, kwa hiyo mabawa ya kumbikumbi walioingia kwa mvua za mwisho wa Mei yamelala kati ya vioo hadi leo, nami siwezi kuyafikia.

Kuhusu kioo chenyewe, pembeni mwa dirisha la sebule fundi aliacha sehemu isiyo na silikoni, nami nikaumulika ukingo wake kwa tochi ya simu. Kioo cha laminati ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando, na utando huo huonekana ukingoni kama mstari mwembamba. Hapa hakuna mstari. Ni kioo cha kawaida cha milimita 4, sawa na kile cha nje.

Kingoni hakuna mpira. Kuna nyuzi za brashi, kama zile za milango ya kabati, na mshumaa ukisogezwa hapo siku ya upepo mwali wake hulala. Hili lisingeniudhi sana kama lingekuwa suala la kelele tu, lakini limeniletea maji. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Julai kioo cha nje huwa baridi sana. Hewa ya chumba yenye unyevu hupenya kwenye brashi, hukutana na kioo hicho na kugeuka matone. Kila asubuhi nikirudi kutoka kazini nakuta maji yameteremka hadi kwenye chuma cha dirisha, ambako rangi imeanza kutoka, kutu imejitokeza na pati inayoshikilia kioo imepasuka katika pembe mbili. Fundi alinishauri nipunguze kuchemsha chai.

Katika ziara ya pili alisema kelele inapitia matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha. Ni kweli kwamba sauti hupita humo, na jambo hilo lingepaswa kusemwa kabla sijalipa. Lakini aliyaziba yote kwa povu, ya sebule yakiwemo, bila kuniuliza, na msimu wa baridi sisi huota moto wa jiko la makaa humo sebuleni. Kwa kazi yangu sihitaji kuelezwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa, humfanya nini mtu aliyelala katika chumba kisichopitisha hewa. Niliyazibua kwa kisu jioni hiyo hiyo.

Naomba, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mwondoe fremu zote tatu na kuzifunga upya kwa gharama yenu kulingana na makadirio: milimita 100, laminati ya 6.4, mpira kingoni, bila kugusa grili. Chuma kilichoshika kutu kikwanguliwe na kupakwa rangi kwanza. Ikiwa hamwezi, nirudishieni fedha zote na mziondoe fremu zenu. Sitakubali punguzo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ipo kwa ajili ya hali kama hii. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Makadirio, risiti na picha za vipimo ninavyo.

Mafundi wakija, tafadhali waje baada ya saa nane mchana. Kabla ya hapo huwa najaribu kulala.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu, Nakuru.